Kura ya Wasiooana

"Baba Malak, hebu nambie mbele ya hawa watu. Mie nawe tumeoana au hatujaoana?"

Ummukulthum alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Mumewe, Muhiddin, alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Alikuwa amepita mlango kwa mlango kwenye maghorofa yao ya Thamesmead, London, akihimiza wapangaji wapige kura ya "Ndiyo": wanaoishi pamoja bila ndoa wasirithishane nyumba, mwenye mkataba akifa, mwenziwe atoke. "Ndiyo" ilikuwa imeshinda, na watu walikuwa wakimpa mkono.

"Tumeoana, mke wangu. Maswali gani hayo?"

"Nimeuliza ofisi ya nyumba. Nikaha yetu ya sebuleni hatukuisajili serikalini, kwa hiyo sheria ya hapa haiitambui. Mkataba una jina lako. Ukifa, natolewa."

Mzee Miraji alisimama nyuma. "Ala! Na mke wangu je? Si ulituambia inawahusu wanaozini?"

"Nilidhani..." Kipaza sauti kilipeleka pumzi zake ukumbi mzima.

Nyumbani, Ummukulthum hakuvua hata koti.

"Kila nikikwambia tukasajili, una kazi. Kwa nini?"

Muhiddin alitazama zulia. "Kaka yangu Riyadh alinambia mke wa kusajiliwa, mkiachana, hugawana nawe mali."

"Kumbe umenioa huku unapiga hesabu ya kuniacha!"

Mkewe alimchukua binti yao Malak, akaenda kwa dada yake Ibtisam, Southall, upande wa pili wa jiji.

Asubuhi alimwandikia: "Rudi, mke wangu. Twende tukasajili leo hii."

Jibu likaja: "Sisajiliwi ili wewe usione haya. Kawaambie kwanza uliowapotosha."

Basi alianza upya, milango ile ile, kichwa chini.

"Kwenye kura niliwapotosha kwa kutojua," aliwaambia. "Mke wangu nilimdhulumu kwa kujua."

Wengine walimfungia mlango usoni. Mzee Miraji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mie nimeshaomba nafasi ya kusajili, na uzee huu. Wewe unangoja nini?"

"Namngoja yeye, mzee wangu. Kama atanitaka."

Kura haikurudiwa. Lakini siku moja simu yake iliingia ujumbe wa Ummukulthum: "Majirani wamenambia ulichowaambia. Njoo na pasipoti."

Kwenye ofisi ya usajili, Malak alikaa katikati yao. Karani aliuliza, "Bwana, kisheria, hali yako ya ndoa?"

Muhiddin aliona uso unamwaka. Alimtazama binti yake, akainama. "Sijaoa."

"Samahani, sikusikia."

"Sijaoa!" alirudia, machozi yakimtoka.

Karani alimgeukia Ummukulthum. "Na wewe, bibi?"

Ummukulthum alisukuma pasipoti yake mezani, ikagusana na ya Muhiddin.

"Sijaolewa," alisema. "Lakini huyu nimemkubali."