Aliyeiitikia Hodi ya Sinema

Ijumaa, jua likielekea kuzama, Bi Tausi alimtuma mwanawe ndimu.

"Mbili tu zanitosha. Na usikae barazani kwa watu, samaki wanakungoja."

"Naenda na kurudi, mama," akasema Tahiri. Akachukua na pampu ya baiskeli, ili njiani amrudishie Suleimani mali yake.

Sasa, kabla hajafika huko, niwaambie Tahiri ni nani, maana pale kijijini Moa yamesemwa mengi juu yake na midomo ya watu haina pazia. Hakuwa mchawi. Alikuwa mtafsiri wa sinema, basi. Tena si mtafsiri wa kalamu, wa mdomo. Mpe sinema ya lugha yoyote, atakaa na simu yake na kinasa sauti, atasema kwa Kiswahili maneno ya mume, ya mke, ya jambazi, hata ya mbwa akibweka. Zamani alikuwa na banda na mabenchi. Watu wakanunua simu, mabenchi yakaota vumbi. Hakulia. Akafungua grupu la wasap, akaliita Kongwe za Alhamisi. Kila Alhamisi aliwaambia watu sinema gani ya kale inatazamwa bure, kwenye app ipi, bila kadi wala malipo, mradi uvumilie matangazo. "Hii ya majambazi wa treni, itazame na mkeo. Hii nyingine usithubutu kuitazama na mama mkwe." Chini yake anaweka tafsiri yake. Wafuasi walikuwa mia tatu, kuanzia Moa mpaka Maramba, mpaka Pemba ng'ambo.

Na nakala moja, kila wiki, aliitia kwenye kadi ya redio ndogo ya mama yake. Bi Tausi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akisema, "Mie sitazami sinema. Namsikiliza mwanangu."

Alhamisi ile, siku moja kabla ya ndimu, Tahiri aliokota kitu. Mwisho kabisa wa orodha ya sinema za bure, chini ya zile ambazo hata wazee hawazikumbuki, palikuwa na moja isiyo na jina. Haina mwaka. Haina sauti. Picha nyeusi na nyeupe tupu.

Mtu wa kanzu anapita kichochoroni. Mkono mmoja kauficha nyuma. Anasimama mbele ya mlango, mdomo unacheza. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa mdomo huo unasema nini.

"Hodi," akamsemea Tahiri.

Kimya. Mdomo ukacheza tena. Na mara ya tatu. Hodi ni tatu, mwanangu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Yule mtu akageuka kweli, aende zake. Ingekuwa imekwisha.

Lakini mtafsiri hapendi kimya. Na Tahiri alilelewa vizuri, hodi haikai hewani bila jibu. Ikamtoka tu.

"Karibu. Mlango uko wazi, pita ndani."

Kwenye picha, mtu wa kanzu akarudi. Akaingia. Mkono uliofichwa ulikuwa na panga.

Milango ilikuwa mitatu. Akaitikia yote mitatu. Kisha akaandika kwenye grupu, kwa raha zake: "Wakuu, leo nimewapatia dhahabu. Haina jina, haina sauti, ni bure kabisa. Sauti nimewawekea mie."

Haya, turudi kwenye ndimu.

Alipofika kwa Suleimani, fundi baiskeli, mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu. "Karibu. Mlango uko wazi, pita ndani." Akatabasamu. Nani asiyependa kusikilizwa?

Kisha pua yake ikanasa harufu... karafuu maiti. Ile ya kwenye sanda.

Chwa!

Kama mtu anayepasua nazi.

Chwa! Chwa!

Suleimani akatoka akitambaa. Mkono mmoja kaushika shingoni, na damu inamtoka kati ya vidole kwa kuruka. Alitaka kusema. Koo lilifanya kelele ya maji tu. Mtu akatoka nyuma yake, akamkanyaga mgongoni, akapiga mara moja zaidi, na kichwa kikalala upande ambao kichwa hakilali.

Tahiri alimwona vizuri, walikuwa hatua nne. Uso ule ulikuwa wa kijivu. Mikono ya kijivu. Panga la kijivu. Damu ya Suleimani ilikuwa nyekundu mchangani, lakini iliyorukia kanzu ile...

Ilikuwa nyeusi.

Mtu akapita ubavuni pake bila kumtazama. Tahiri aliangusha pampu na akajikojolea. Hilo alilisema mwenyewe, hakulionea haya.

Polisi wakaja, wakauliza, wakaandika. Majambazi, watu wakasema. Usiku Tahiri akaifungua tena ile sinema. Mlango wa kwanza ulikuwa na ringi ya baiskeli imetundikwa juu. Alhamisi haikuwapo, angeapa kwa msahafu. Mlango wa pili pembeni yake palikuwa na chuma cha vitumbua kwenye msumari, na Moa nzima kuna mtu mmoja anayetundika chuma chake nje.

Sabiha.

Wa tatu hakuutazama. Aliogopa, akazima simu.

Jumamosi alikwenda kwa Sabiha mara tatu, mara tatu hakumkuta, kaenda kusaga mchele. Maghribi ilipoadhiniwa akakimbia tena, kandambili zikamtoka miguuni. Akiwa bado uchochoroni akasikia, kutoka ndani kwa Sabiha, sauti tamu ya mtafsiri anayejulikana.

"Karibu. Mlango uko wazi..."

"Sabiha, zima! Zima hiyo simu!"

Ukelele wa Sabiha ulianza ukakatwa katikati. Tahiri aliusukuma mlango na kukuta chungu cha unga uliokorogwa kimepinduka, mchanganyiko mweupe na mwekundu ukitiririka mpaka kizingitini. Wa kanzu hakuwapo tena, ila harufu yake. Sabiha alikuwa ameegemea ukuta. Mikono aliyoiinua kujikinga ilikuwa sakafuni, mbali naye. Macho yalikuwa bado yanamtazama Tahiri, na yakaendelea kumtazama hata baada ya kufa.

Simu yake ikaita palepale. Namba ngeni.

"Shikamoo baba, wewe ndiye Tahiri wa Kongwe?" Sauti ya bibi mzee.

"Shikamoo ni yangu mie kwako, bibi. Ni nani?"

"Marahaba. Naitwa Bibiana, niko Maramba. Mjukuu ndiye aliyeniingiza kwenye grupu lako. Leo kanionyesha hiyo sinema." Akavuta pumzi. "Baba yangu, Hosea, alikuwa akisema kwenye gari la sinema, enzi zile, kwenye mashamba ya mkonge. Picha bubu, yeye anashika kipaza sauti anawasemea. Wakaletewa hiyo."

"Akaiitikia?"

"Milango miwili. Alipogundua, alikata ulimi wake kwa wembe. Nilimwona, nilikuwa mtoto, nilishika beseni. Wa tatu ulikuwa mlango wetu. Hodi ikapigwa, mara tatu, baba hana ulimi wa kuitikia. Kikarudi kilikotoka."

"Ni nini, bibi? Jini? Katumwa na nani?"

"Sijui. Baba hakuweza kunieleza, na kuandika alikataa. Lakini najua hiki, mjukuu wangu. Hakiingii bila karibu. Na sauti ya baba ilipotea na upepo. Yako wewe imo mifukoni mwa watu."

Usiku ule Tahiri akautazama mlango wa tatu. Ulikuwa wa mbao za namna mbili, za chini za kasha la samaki, na kwa juu msumari anaotundikia Bi Tausi kikapu chake.

Ah, jamani. Alilia. Baba yake alikufa yeye angali tumboni, na mwanamke yule alimlea kwa kusuka ukili mpaka vidole vikapinda. Sasa kamkaribishia panga nyumbani kwake, kwa sauti aliyoipenda kuliko zote duniani.

Jumapili hakula. Akaifuta tafsiri kwenye grupu, akaandika kwa herufi kubwa: FUTENI, NAWAOMBA KWA MUNGU. Wengine wakamcheka. Wengine wakaanza kujiuliza. Akapita nyumba kwa nyumba, Moa yote, akishika simu za watu na kufuta kwa mkono wake. Mjaka, jirani wa ukuta kwa ukuta, akampa simu huku akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Lakini Tahiri," akamwambia, "mbona kwa Suleimani wewe ulikuwapo, na kwa Sabiha ulikuwapo?"

Tahiri alikuwa akihesabu simu.

Kabla ya maghribi akafunga mlango kwa komeo, akauegemeza kinu na kitanda chake. Bi Tausi, kitandani kwake chumba cha ndani, akasikia vishindo.

"Kuna nini, baba?"

"Mama, leo akija mtu asiitikiwe. Tena baada ya adhana tusiongee, hata neno."

"Hata jirani? Watu watatuonaje?"

"Hata jirani, mama. Nisitiri kwa hilo."

Adhana ikapita. Giza likaingia kwenye nyufa za mlango. Tahiri akakaa sakafuni, kiganja kimefunika mdomo, kakibana mpaka meno yakaingia nyamani.

Harufu ikaja kwanza. Karafuu maiti...

"Hodi."

Hakuwa akiisikia sauti ile mara ya kwanza. Ilikuwa yake, ile aliyomsemea mtu wa kanzu Alhamisi.

Kimya.

"Hodi."

"Tahiri?" Bi Tausi akanong'ona kutoka chumbani. "Tahiri, uko wapi? Mbona huniongeleshi?"

Angejibuje? Akatikisa kichwa gizani, kwa mtu asiyeona.

"Hodi."

Mara ya tatu. Jasho likamdondoka kidevuni. Akasubiri. Nyayo zikageuka mchangani. Hatua moja... ya pili... ya tatu. Zinakwenda. Wallahi zinakwenda! Akakitoa kiganja mdomoni.

Chumbani, kitufe kikabonyezwa. Tk.

"Karibu," ikasema redio ndogo chini ya mto, ikianzia ilipoachwa. "Mlango uko wazi, pita ndani."

Kadi! Alifuta simu za Moa nzima, akasahau kadi aliyoitia kwa mkono wake mwenyewe.

Komeo likajifungua. Kinu kilibiringika kama kilichosukumwa na mtoto. Tahiri akajirusha njiani, akaudaka mkono wenye panga, na mkono ule ulikuwa wa baridi na laini kama karatasi iliyolowa. Panga likapita. Akaona vidole vyake vitatu vikianguka kabla hajasikia maumivu. Pigo la pili likampata bega, la tatu likampasua paja, akaanguka, akamshika mguu, akaburuzwa naye mpaka kitandani.

"Mama! Mama, jifiche!"

"Ndiyo, baba," akasema Bi Tausi, uso umemwelekea kwa furaha. "Sasa nakusikia. Niliogopa, nikataka nikusikie."

Chwa!

Sitaeleza yaliyobaki. Yalikuwa mapigo tisa, na redio iliendelea kusema mpaka sinema ikaisha.

Asubuhi majirani walimkuta Tahiri kakumbatia mwili, kalowa damu yake na ya mama yake. Walimfunga mkono kwa kitambaa, wakamfunga na kamba vilevile. Sinema yenyewe, watu walipoitafuta baadaye, wengine waliiona, wengine hawakuiona, na sababu hakuna anayeijua.

Jumatatu alasiri akawa kituoni. Koplo Daniel ndiye aliyemhoji. Kijana wa bara, lakini kakaa pwani miaka mitano na keshajifunza adabu zake, japo ni polisi, akikupita anakusalimu.

"Mlango haukuvunjwa," akasema Daniel. "Ulifunguliwa kwa ndani. Na Mjaka kaapa kukusikia kwa masikio yake, unamwambia muuaji karibu, pita ndani. Kwa Sabiha ukasikika. Kwa Suleimani ukasikika." Akaiweka simu ya Sabiha mezani, ile iliyokuwa kielelezo. "Hii sauti ni yako au si yako?"

Akabonyeza.

"Afande, usifungue. Nakuomba. Ni yangu, nimekubali, niue, lakini zima!"

"Nyamaza. Nataka niione yote."

Nje mwadhini alikuwa anaanza adhana ya maghribi. Sinema ikacheza. Mlango wenye ringi, mlango wenye chuma cha vitumbua, mlango wa mbao za namna mbili. Sauti ya Tahiri ikaitikia mitatu, ikakoma hapo, maana hapo ndipo alipoishia kutafsiri.

Lakini picha haikukoma.

Mtu wa kanzu aliendelea kutembea, kanzu imeiva weusi mpaka kiunoni. Akapanda ngazi mbili za saruji. Akasimama mbele ya mlango wa chuma, ambao juu yake kuna taa yenye wavu.

Daniel akainama, akaitazama picha karibu. Kisha akainua macho, polepole, akautazama mlango wa kituo.

Harufu ya karafuu maiti ikajaa chumbani.

"Hodi," sauti ikasema nje.

Tahiri akajaribu kusimama, pingu zikamrudisha chini. "Afande," akanong'ona. "Mwanangu. Nisikilize. Usi—"

"Hodi."

"Usiitikie! Hata akiwa bosi wako, usiitikie!"

"Hodi."

Na hodi, kwa mtu aliyefunzwa adabu, haikai hewani bila jibu. Koplo Daniel aligeuza shingo kuelekea mlangoni, akarekebisha kola ya shati lake, na akafungua mdomo.