Mrija wa Mwalimu Wangwe

Siku ya mnada posta ya Tarime ilijaa watu hadi barazani. Kila mmoja alitaka simu yake ipigwe kwanza, na wote walimkazia macho mtu mmoja tu: Rhobi, binti kutoka kijiji cha Nyanungu, aliyeketi mbele ya ubao wa simu na gauni lake la kitenge cha manjano, akichomeka na kuchomoa nyaya kwa mikono miwili.

"Dada, mimi niko hapa tangu saa mbili," alisema kijana mmoja mrefu, suruali yake ya bugaluu ya kahawia ikifagia sakafu.

"Ulitaka wapi?"

"Nilitaka Musoma. Sasa nimesahau nilichotaka kusema. Nimekuangalia mno."

Foleni nzima ikacheka. Rhobi alijitia kununa, akashindwa.

Kijana huyo alikuwa Wangwe, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Tangu siku hiyo hakupanga foleni tena. Kila asubuhi saa nne alinyanyua simu ya ofisini kwake.

"Tarime, nambari tafadhali?"

"Nipe yule mwenye gauni la manjano."

"Mwalimu, hii ni simu ya serikali."

"Kwani serikali haitaki wafanyakazi wake wafurahi, mpenzi?"

Rhobi alimpenda, tusifichane. Alimpenda hadi akaanza kukosea nyaya, mtu wa Musoma akajikuta anazungumza na mtu wa Shirati.

Mwezi wa sita Wangwe alimuaga kwamba anakwenda semina. Akapotea majuma matatu. Aliporudi alikuwa amekonda, anatembea kwa hadhari, na simu za saa nne zikawa za "nitakupigia baadaye." Wakienda hotelini kunywa chai, ambayo mwaka ule ilikuwa haina sukari, Wangwe hamalizi kikombe. Anainuka, anakwenda uani, anarudi ameuma meno.

"Una nini, Wangwe?"

"Tumbo tu. Kunywa chai."

Hata hivyo posa haikuahirishwa. Nyumbani kwa mzee Kornelio, baba yake Rhobi, kulikuwa na sharti moja: mchumba huketi na wazee tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na hainuki kabla mwenye nyumba hajainuka. Wakwe wote wa nyumba ile walipimwa hivyo. Wangwe alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akaketi. Hata robo saa haikupita, akaomba ruhusa atoke. Akarudi, akaomba tena. Aliporudi mara ya nne mzee Kornelio alikuwa amemgeukia bintiye mlangoni.

"Rhobi, huyu mura, kijana wako, ana ugonjwa wa wanawake wa mjini. Niliuona jeshini."

"Hana, tata."

"Basi muulize, tusikie."

Hapo ndipo Rhobi alipokosea. Angeweza kukataa. Angeweza kumvuta mwenzake pembeni. Lakini wazee walikuwa wakimtazama, naye akauliza palepale mlangoni, kwa sauti kavu ya kazini, "Wangwe, umeambukizwa?"

Wangwe alijifuta jasho. Kutaja mambo ya mkojo mbele ya wakwe alishindwa, na kuulizwa vile kulimchoma.

"Kama wewe unaweza kuniuliza," alisema, "basi sina jibu."

Akachukua koti lake akaondoka. Posa ikafia hapo.

Majuma mawili baadaye daktari wa hospitali ya misheni alipiga simu kumtafuta mganga wa wilaya. Laini ilikuwa mbovu, hawasikilizani, ikabidi Rhobi akae katikati awarudishie maneno.

"Anasema ni mgonjwa wao wa mawe ya figo," alirudia, "Mwalimu Wangwe wa Tarime. Walimpasua mwezi wa sita, wakamwachia mrija ndani, toka kwenye figo hadi kwenye kibofu, mkojo upite wakati kidonda kinapona."

"Muulize mrija wa aina gani."

"Anasema wa plastiki ngumu, ndio waliokuwa nao. Unamchoma kibofu, haishi kwenda chooni, na akikojoa maumivu yanapanda hadi mgongoni. Anasema..." Alivuta kamasi. "Anasema kidonda hakijapona, mrija hauwezi kutolewa bado. Lakini wamepata ya silikoni, ni laini, haichomi sana. Mwambieni aende abadilishiwe."

"Opereta, unalia?"

"Ni laini mbovu, daktari."

Jioni alikwenda chumbani kwa Wangwe akakuta kufuli, na siku iliyofuata pia. Siku ya kumi na mbili alimkuta mwenyewe amerudi, ameketi barazani anachambua maharage, uso umejaa kidogo.

"Karibu, Rhobi. Vuta kigoda."

"Nisamehe. Nimejua yote, kwa simu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nina mrija kwenye kibofu? Niliona aibu. Nilisema nitakuambia tukishaoana, tucheke."

"Bado tunaweza kucheka. Tata nimemweleza. Anasema urudi."

Wangwe aliweka ungo chini.

"Nilipokuwa na ule mgumu, kila kitu nilikisingizia mrija. Nikikosa usingizi, mrija. Chakula kisipopita, mrija. Wakaniwekea huu laini, na siku ya tatu nikalala hadi asubuhi. Nikasema nimepona. Nikaamka, Rhobi, bado kuna kitu kinaniuma, na safari hii sikuwa na mrija wa kuusingizia."

"Ni mimi."

"Ni lile swali. Ningekuwa na ugonjwa huo, wewe ungekuwa wa kwanza kuujua. Nakupenda, sikudanganyi. Ila kila nikikutazama naisikia ile sauti yako ya mlangoni. Nimeomba uhamisho, nimepata Ngara."

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu."

Rhobi alilia, wala hakujificha. Wangwe alimpa leso yake, akamngoja amalize, kisha akamsindikiza hadi barabarani. Waliagana kwa mkono. Rhobi aliushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa mbele za watu, na Wangwe hakuuvuta. Alingoja tu hadi Rhobi mwenyewe alipouachia.