Nilichomtafsiria Mama Wairimu

Nina miaka sabini na mitatu. Naishi peke yangu mtaa wa Landless, Thika, na nastahili.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa karani wa kiwanda cha nguo, na cheti changu cha kidato cha nne. Mke wangu, Mama Wairimu, hakusoma. Alijua Kikuyu tu. Kichwa kilianza kumwasha, kikawaka kama pilipili, na nywele za utosini zikatoka mabaka mabaka. Nikampeleka Ruiru kwa daktari mgeni aliyezungumza Kiingereza pekee. Mkalimani nilikuwa mimi.

Daktari alimdondoshea mafuta kichwani, akaweka kioo cha kukuza chenye taa, akachungulia sana. Kisha akaniita nitazame. Niliona ngozi nyekundu, magamba yamezunguka kila unywele, na vitundu kama vya sindano.

"Ngozi imevimba, lakini vitundu bado viko wazi," akaniambia. "Apake dawa hii, arudi baada ya miezi miwili nilinganishe. Vikiziba, nywele hazioti tena. Ugonjwa huu hauambukizi."

Mama Wairimu akanishika mkono. "Baba Wairimu, amesema nini?"

Ndugu msomaji, wakati huo nilikuwa na mwanamke mwingine pale kiwandani... Nilitafuta sababu ya kumwondoa mke wangu. Nikaiona.

"Amesema ugonjwa huu hauna dawa," nikamjibu. "Na unaambukiza. Usimguse mtoto."

Hakulia. Alijifunga kitambaa chake, akamshukuru daktari.

Wiki hiyo nikamrudisha kwao Gatuanyaga. Binti yetu Wairimu, mwenye miaka minane, alikimbia kumkumbatia. Mama yake akarudi nyuma, mikono mbele, kumzuia... Nami nilisimama nikitazama!

Yule mwanamke wa kiwandani hakukaa nami hata miaka miwili.

Wairimu alipofika kidato cha pili aling'ang'ania niwapeleke yeye na mama yake kwa daktari yule. Daktari alichungulia tena kwa kioo chake. Utosi ulimeta kama kibuyu. Hapakuwa na kitundu hata kimoja. Akauliza jambo, na safari hii mkalimani alikuwa Wairimu.

"Maitu," akamwambia mama yake, "anauliza mbona hukurudi. Anasema alimweleza Baba kwamba ungetibika... na kwamba ugonjwa hauambukizi."

Mama Wairimu hakunitazama. Alinyoosha mkono polepole, akamshika binti yake shavuni, kama mtu anayepima chuma kama bado ni cha moto.

Nilitoka nje. Hakuna aliyenifuata, hadi leo.

Wewe unayemsemea mgonjwa asiyejua lugha ya daktari, mpe maneno yote, hata yale yasiyokufaa wewe. Kwa nywele zake ningemwomba msamaha. Ile miaka ambayo hakumgusa mtoto wake, nitaanzia wapi?