Ufunguo wa Chumba cha Nane

Kabla hakujapambazuka, funguo zililia. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama wa vijiko viwili vinavyogusana sahanini, pale Bibi alipozitungua msumarini na kuzifunga kwenye mshipi wa gauni lake. Chiriku hakuhitaji saa. Akiusikia mlio huo, alijua kwamba maji ya kunawa yako tayari, na kwamba Bibi ameshamwekea chai kando ya kitanda, imefunikwa kwa kisahani isipoe.

Bibi alikuwa mfagizi wa shule aliyosoma Chiriku. Funguo zake zilikuwa kumi na moja: za madarasa saba, ofisi ya walimu, stoo, maktaba na lango. Ufunguo wa chumba cha nane haukuwamo. Huo ulikaa mfukoni mwa shati la Mwalimu Mkuu. Kila Ijumaa alikuja nao mwenyewe, akafungua, akasimama mlangoni huku Bibi akifagia, kisha akafunga na kupapasa mfuko wake kuhakikisha.

Chumba cha nane kilikuwa Chumba cha Kijerumani. Miaka miwili nyuma, shule moja ya Ujerumani ilifunga urafiki na shule yao. Ikatuma vitabu thelathini na sita, hedifoni kumi na mbili, redio ya kusikilizia masomo na ramani iliyojaa ukuta mzima. Siku ya kuzindua chumba, watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Mwalimu Mkuu alisema watoto wana mikono michafu, wataviharibu, na vitu vya wageni lazima vikae vizuri mpaka wageni waje wavione.

Basi Kijerumani kilifundishwa katika darasa la kawaida, kwa kitabu kimoja kisicho na jalada. Mwalimu wa somo hilo alikuwa kijana mpole ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Chaki, kwa kuwa viwiko vyake vilikuwa vyeupe kutwa. Alinakili kila kitu ubaoni. Kwa wale wa nyuma wasioona vizuri, aliandika tena kwenye karatasi, jioni, nyumbani kwake. Hakuna aliyemtuma.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kuongea bila kupumzika. Alipoanza kujaribu maneno ya Kijerumani huku akiosha vyombo, Bibi alimwambia, "Mdomo mmoja tu umetushinda humu ndani. Ukipata wa pili, mimi nahama."

Lakini Bibi ndiye aliyefurahi zaidi barua ilipokuja. Ilitoka kwa msichana wa ile shule rafiki, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, na chini yake mchoro wa bibi kizee mwenye miwani na paka. Mwalimu Chaki alimtafsiria Chiriku wakati wa mapumziko, huku chakula chake kikipoa. Yule msichana alisema anaishi na bibi yake, kisha akauliza: na bibi yako wewe, yukoje? Anapenda nini?

Chiriku alikuwa na majibu ya kujaza daftari. Hakuruhusiwa kuyaandika. Mwalimu Mkuu aliagiza kwamba barua zote ziwe moja, inakiliwe kutoka ubaoni, kwa sababu makosa ya watoto yangeiaibisha shule. Hivyo wanafunzi thelathini waliandika kwamba hali ya hewa ni nzuri, na kwamba kila siku wanajifunza katika chumba chao kizuri. Aliyeulizwa habari za bibi akajibu habari za mawingu. Chiriku aliinakili barua hiyo akiwa amefura kama andazi.

Alhamisi moja habari zilikuja kwamba mwalimu kutoka ile shule rafiki atafika kesho yake. Mchana huo Mwalimu Mkuu alifungua chumba cha nane na kuwaingiza wanafunzi kumi. Mezani palikuwa na vitabu vyote thelathini na sita, bado vimo ndani ya nailoni. Kando yake palikuwa na bakuli la vumbi laini.

Aliwaeleza kazi. Wavue nailoni. Wapinde pembe za kurasa, wachovye vidole kwenye vumbi na kupaka pembeni, ili mgeni aone kwamba vitabu vinatumika.

Kisha kijana mmoja waliyemwita Kifutio, ambaye hakuweza kukaa kimya hata akilala, akanong'ona, "Mimi nikikalia changu kitazeeka haraka zaidi." Wachache walicheka, wakaanza kupinda.

Chiriku alichukua kitabu. Kilinuka karatasi mpya. Alikifungua katikati ili akipinde, na hapo ndipo alipoiona: picha ya familia mezani, na chini ya bibi kizee mwenye mvi lile neno la kwenye barua yake, *Großmutter*, yaani bibi. Ukurasa mzima ulikuwa wa namna ya kumweleza bibi yako. Mrefu, mfupi, mcheshi, mwenye bidii, anapenda hiki, hapendi kile. Kila neno alilokuwa amelitafuta mwaka mzima lilikuwa hapa, mlango mmoja kutoka darasani kwake, limefungiwa.

Midomo yake ikaanza kusoma yenyewe.

"Wewe," Mwalimu Mkuu alisema, "hujaitwa kusoma. Pinda."

Damu ilimpanda Chiriku mpaka masikioni. Alipinda pembe. Alimtazama Mwalimu Chaki, aliyekuwa amesimama dirishani na kuwapa mgongo, na akaona jinsi mabega yake yalivyoshuka.

Walipomaliza, Mwalimu Mkuu alimpa Chiriku karatasi ya hotuba ya Kijerumani, ya kumkaribisha mgeni. Alimchagua kwa kuwa matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya wote. Akamwambia aikariri, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba bibi yake amsaidie isikosewe, maana kazi siku hizi hazipatikani ovyo.

Jioni, Chiriku alimweleza Bibi kila kitu akiwa amesimama, kwa sababu hasira haikumruhusu kukaa. Alieleza vumbi, pembe, ukurasa wa mabibi. Lile neno kuhusu kazi alilieleza mwisho.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Vidole vyake vilisimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye kamba ya kukufungia mdomo," alisema taratibu.

"Bibi, wakikuachisha tutakula nini?"

"Hilo ni langu, mwanangu. Wewe niambie, kwenye hiyo karatasi kuna kitu cha kweli?"

"Jina la shule."

Bibi alicheka kidogo, kisha akaacha. Akasema kwamba kwa miaka miwili amefagia chumba kile, na mfagizi hadanganyiki. Darasa linalosomwa lina vipande vya chaki, maganda ya penseli, vijikaratasi vya utani chini ya madawati. Chumba cha nane hakikuwa na hata kimoja. Kila Ijumaa alikuta vumbi, na juu ya vumbi hakuna unyayo hata wa mtoto mmoja.

"Na wewe Bibi ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Niliogopa, kama unavyoogopa sasa." Akaurudisha mkono kwenye mchele. "Sikutumi kugombana na mtu. Usimtukane mkubwa wala usimvunjie heshima. Lakini ukifika mahali pa uongo, usiuseme kwa ajili yangu."

Chiriku, ambaye hasira ilikuwa bado inatafuta pa kutua, akaitazama kabati. "Hata wewe una vikombe vyako vya maua. Tangu nizaliwe sijavinywea."

"Vile ni vya wageni," Bibi alisema haraka. Kisha naye akaitazama kabati, kama mtu aliyejikwaa.

Asubuhi, chumba cha nane kilijaa. Mgeni alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi na viatu vya kutembelea. Aliwasalimu wote kwa Kiswahili, akaomba radhi kwamba Kiswahili chake kinachechemea, lakini kitafika. Alieleza kwamba shuleni kwake nako kuna watoto wanaojifunza Kiswahili, na kwamba yeye amejifunza pamoja nao, miaka miwili, ili aje azungumze na marafiki zake bila mkalimani.

Akatoa mkobani kitabu chake cha Kiswahili, akiwataka wasimcheke. Mgongo wa kitabu ulikuwa umevunjika na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Kilikuwa na duara la kikombe cha chai jaladani, na kila ukurasa ulijaa penseli: maneno yaliyopigiwa mstari, maswali, mahali alipokosea na kufuta. Kilifunguka chenyewe pale kilipofunguliwa mara nyingi zaidi.

Chiriku alikitazama, kisha akavitazama vile thelathini na sita mezani, pembe zote zimepindwa upande mmoja, vumbi lote kidole kimoja kutoka ukingoni. Aliona aibu iliyomchoma kuliko hasira.

Aliitwa. Alianza vizuri. Alimkaribisha mgeni, akataja jina la shule, na sauti yake ikakifikia kila kiti. Kisha akafika kwenye sentensi iliyosema kila siku tunajifunza katika chumba hiki, akasimama.

Mlangoni Bibi alikuwa ameegemea mfagio. Hakumpa ishara yoyote. Alimtazama tu, kama alivyomtazama alipokuwa anajifunza kutembea.

"*Das ist nicht wahr*," Chiriku alisema. Na kwa kuwa wenzake wengi hawakuelewa, akarudia kwa Kiswahili. "Hii si kweli. Chumba hiki hufungwa. Vitabu hivi tumevifungua jana, tukaambiwa tuvichakaze. Shikamoo Mwalimu Mkuu, nisamehe, lakini siwezi kusema tunavisoma. Nataka kuvisoma."

Mwalimu Mkuu alisema mtoto amepatwa na woga, apelekwe nje akapunge upepo. Hapo Mwalimu Chaki akasogea, akasimama kando ya Chiriku.

"Hana woga, mzee," alisema. "Mwenye woga ni mimi. Ufunguo sijawahi kupewa, na nimenyamaza."

Mgeni alichukua kitabu kimoja kutoka mezani. Kurasa za katikati zilikuwa bado zimeshikana. Alizitenganisha moja moja kwa ukucha, na uso wake ulizidi kuwa mwekundu.

"Sisi hatukutuma mapambo," alisema. Maneno yalitoka polepole, na kwa hiyo yakawa mazito. "Watoto wetu walifunga maboksi haya wenyewe. Kila wiki wanauliza, rafiki zetu wamefika ukurasa gani? Mimi nawajibu nini? Wameandika barua za kweli, wamepata barua moja, mara thelathini. Kitabu kikichanika tutakishona. Miaka miwili ya mtoto naishona na nini?"

Mwalimu Mkuu aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakampanda hadi kifuani. Baadaye alizungumza, na haikuwa sauti yake ya ofisini. Alisema alipokuwa mtoto walisoma wanane kitabu kimoja. Siku moja kikachanika mikononi mwake, akachapwa mbele ya shule nzima. Aliapa kwamba shuleni kwake hakitachanika kitabu.

"Pole," mgeni alimwambia, na alimaanisha. "Lakini hawa hawakukuchapa."

Mwalimu Mkuu aliinuka. Kisha akapapasa mfuko wa shati, akatoa ufunguo, akamwendea Bibi mlangoni.

"Mama, nilimtishia mtoto kwa kazi yako. Nimekosa. Uutie huu pamoja na wenzake, uwe unafungua kila asubuhi."

Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akasema kazi ya kufungua milango anaijua. Kifutio akauliza kama wale waliovichakaza vitabu ndio watakaovinyoosha. Safari hii hata Mwalimu Mkuu alicheka, ingawa kicheko chake kilikuwa kidogo. Siku hiyohiyo waliketi pamoja, walimu na mgeni, wakakubaliana: kila mtoto ataandika barua yake mwenyewe, na makosa yake yaende nayo, vitabu vitakwenda nyumbani kwa zamu, na Mwalimu Chaki atasomesha ndani ya chumba cha nane.

Jumamosi mgeni alikuja nyumbani kunywa chai. Bibi alitoa vikombe vya maua, akampa mgeni kimoja, na kingine akamwekea Chiriku. Chiriku alikishika kama yai. Mezani palikuwa na barua yake kwa rafiki yake, na kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mabibi, tayari kimedondokewa na tone la chai.

"Usikifute sana," Bibi alisema. "Hilo ni tone la haki, si la kupaka." Kisha akamgeukia mjukuu wake, akasema kwa upole wa kumfunza. "Mwanangu, nimevifungia vikombe hivi miaka yote nikidhani ninavitunza, kumbe nilikuwa ninakunyima wewe. Zawadi huheshimiwa kwa kutumiwa. Na ukweli ni hivyohivyo. Mimi na mwalimu wako tuliufungia kabatini kwa kuogopa, ukakaa humo hausaidii mtu. Wewe umeutoa, na hukumtusi yeyote. Endelea hivyo."

Mgeni alipoinuka kuaga, Bibi alimsindikiza hadi langoni, huku funguo kumi na mbili zikilia mshipini mwake. Hapo alisimama, akamtazama Chiriku, ambaye midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti kumkumbusha maneno aliyomfundisha. Bibi alikohoa. Alijinyoosha kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"*Kommen Sie wieder*," alisema, neno moja baada ya jingine. Kisha, kwa kuhofia kwamba huenda hayakufika vizuri, akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili. "Mama, uje tena."