Tangazo la Tatu Kanisani Lynn

"Ondoka dirishani, Roland. Unamchungulia nani?"

"Simchungulii mtu. Naangalia maji."

"Mto uko upande wa pili wa nyumba. Hapo chini kuna barabara tu."

Akaliachia pazia kama limemuunguza. Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, tuko chumba namba sita, gesti ya karibu na gati, mji wa King's Lynn, Norfolk, Uingereza, na mwanamume wa miaka sitini na nne amevaa kofia ndani ya nyumba.

Safari ile nilimpangia mimi. Wiki moja Roland, mpenzi wangu, anakaa nyumbani kwake Daventry, wiki inayofuata anachukua fimbo zake za kuvulia, anakwenda Norfolk, siku nne, siku tano, anarudi bila samaki. Samaki sikuwahi kumwuliza. Mtu akirudi ana raha zake, samaki wa nini? Basi siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nikasema nimpeleke huko huko anakopenda. Nikalipia siku mbili bila kumwambia. Tiketi nilimwonyesha tukiwa tumeshakaa kwenye treni. Uso ukamshuka. Mimi nikadhani furaha imemzidi.

Mimi naitwa Avis Thurlow, nina miaka sitini na moja, na kwa miaka ishirini na miwili nyumba yangu ni boti ya mferejini. Boti kama yangu haina pa kutulia. Sheria yetu ni kuhama kila baada ya siku kumi na nne, na mimi hizo kumi na nne huwa naziona nyingi. Siku ya tatu tu miguu inaanza kuniwasha. Lakini mwezi wa nne Roland alikuwa ananikata nywele nimekaa juu ya boti, mkasi mkononi, akaniambia, "Avis, liuze hili bati linaloelea. Njoo kwangu tuzeeke pamoja." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo akiwa hajanywa. Nikakubali.

Mnunuzi alipatikana, kijana mmoja anaitwa Darren. Asubuhi ile ile alinitumia ujumbe: "Habari Bi Avis. Jumatatu saa sita mchana nakuja na karatasi. Mke wangu ameshachagua mapazia."

Nikitia saini Jumatatu, sina tena pa kulala hapa duniani ila kwa Roland.

"Twende tukale," nikamwambia.

"Tuagize kitu kije humu ndani."

"Hii ni gesti, bwana, si ikulu. Vaa koti."

Alitoka nyuma yangu, ananibana kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Nikielekea gatini, anasema upepo mkali. Nikielekea mgahawani, anasema pamejaa. Kwenye uwanja wa soko palikuwa na mzee anauza uduvi. Kabla sijafungua mdomo, mzee akachota, akamnyooshea Roland.

"Nusu painti, na maganda yake, kama kawaida?"

"Anakujua?" nikauliza.

"Hanijui. Anauza hivyo hivyo kwa kila mtu."

"Mimi mbona hajaniuzia?"

"Avis, unaanza sasa. Twende nyumbani."

"Gesti?"

"Daventry. Leo. Tumbo linanisokota."

"Tumeshalipia mpaka kesho. Kaoge maji moto, litatulia."

Hakuoga. Alijifungia msalani na simu. Namsikia anabonyeza, anasita, anabonyeza. Alipotoka akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kuhusu boti," akasema. "Usiharakishe."

"Nisiharakishe? Si wewe uliyesema niuze?"

"Nilisema. Nasema tu huyo kijana anaweza kusubiri. Wiki tatu, nne."

"Wiki tatu nne kuna nini?"

"Hakuna kitu! Lazima kuwe na kitu?"

Usiku wote alikuwa anageuka huku na huku, na mimi kila akigeuka nageuka. Mara mbili nilitaka kumwuliza, nikajikumbusha kwamba nina miaka sitini na moja na nimechoka kuanza upya. Nikavuta blanketi.

Jumapili asubuhi alitaka tupande treni ya kwanza kabisa. Nikamwambia sipandi treni sijanywa chai. Akajifunika blanketi mpaka puani.

"Nenda basi kapunge upepo. Lakini usikae sana. Tupande ya saa sita."

Nikatoka. Sikufika hata gatini, mvua iliyolalia upande ikanipiga, ile inayokuja na upepo wa mtoni. Nikakimbilia mlango wa kwanza niliouona wazi. Kumbe kanisa, na kumbe saa nne imefika. Mama mmoja wa mlangoni akanibandika kitabu cha nyimbo mkononi.

"Karibu, mpenzi. Ndiyo tunaanza."

"Nimekuja kujikinga mvua tu."

"Wengi wetu tumekuja hivyo hivyo. Kaa pale."

Nikakaa nyuma. Siyo mtu wa kanisa mimi, na Roland analijua hilo vizuri. Nilitaka kutoka mvua ilipopungua, lakini kutoka ibadani watu wakitazama, Mwingereza atakufa kwanza. Nikabaki.

Mchungaji alikuwa mwanamke mfupi, sauti kavu. Akafungua kitabu chake.

"Natangaza ndoa kati ya Roland Ernest Peachey, mgane, wa parokia ya Daventry, na Marian Goodrum, mjane, wa parokia hii. Kama kuna mtu mwenye sababu ya haki ya kuzuia wawili hawa wasiunganishwe, na aiseme. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho ya kuuliza."

Nilijaribu kumtafuta Roland Ernest Peachey mwingine kichwani. Nikamwekea ndevu. Nikamwekea mguu wa bandia. Hakukubali kukaa. Hilo Ernest analichukia, watu wawili tu tunalijua, mimi na ofisi ya pasipoti. Nilidhani wawili.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu tu.

"Mchungaji, mimi nina neno."

Vichwa vyote vikageuka. Nadhani kwa miaka na miaka swali lile limeulizwa humo na hakuna hata mtu aliyewahi kukohoa.

"Huyo bwana unayemtangaza yuko gesti hapo kona, chumba namba sita. Amelala kitanda nilichotoka mimi saa hii, na miguuni ana soksi nilizomfumia mimi."

Mchungaji akavua miwani.

"Mama, ana mke aliye hai?"

"Hana."

"Ni ndugu wa damu na Marian?"

"Sijui. Marian ndiye nani?"

Kule kwenye kwaya, mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa vizuri akanyoosha mkono taratibu.

"Ni mimi."

Mchungaji akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Halafu akasema, "Tutazungumza baada ya ibada. Sasa tusimame tuimbe."

Na tukaimba, ndugu msomaji. Hivyo ndivyo tulivyo. Beti nne nzima. Marian aliziimba zote bila kukosea neno, macho yake kwangu.

Baada ya ibada mchungaji alituingiza chumba cha mavazi ya ibada, akatuwekea vikombe viwili vya chai, akatoka akafunga mlango. Marian ndiye aliyeanza.

"Wewe ndiye muuguzi wa mama yake?"

"Mama yake nani?"

"Mama yake Roland. Bibi wa miaka tisini na moja, huyo hawezi kuachwa peke yake. Ndiyo maana wiki moja Roland yuko kwangu, wiki moja yuko Daventry kumwangalia."

"Dada, Roland akija huku mimi nilikuwa naambiwa amekwenda kuvua samaki."

"Roland? Roland hawezi kushika hata nyungunyungu."

"Na mama yake alikufa miaka minane iliyopita. Mwezi wa tatu mimi na yeye tulikwenda kulipalilia kaburi."

Marian akakaa. Akakishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, asinywe.

"Nimekuwa nampelekea keki," akasema. "Kila safari. Ya limau."

"Yenye sukari iliyoganda juu?"

"Ndiyo."

"Nzuri sana. Niliambiwa anaipata kituo cha mafuta."

Midomo ilimcheza. Sikujua kama atalia au atacheka, na nafikiri hata yeye hakujua. Akatoa simu mkobani, akanionyesha ujumbe wa jana, saa ile ile Roland aliyojifungia msalani: "Mpenzi wangu, mama amezidiwa. Siwezi kutoka pembeni ya kitanda chake. Kesho tangazo letu likisomwa nitalisikia moyoni. R."

"Wewe na yeye mna muda gani?" akauliza.

"Miaka mitatu. Wewe?"

"Mwaka mmoja na nusu. Ndoa ni tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi." Akairudisha simu mkobani. "Unampenda?"

"Kesho nilikuwa nauza nyumba yangu kwa ajili yake."

"Hilo siyo nililokuuliza."

"Ndiyo. Nampenda. Mpaka saa nne leo nilikuwa nampenda vibaya sana."

"Mimi pia," akasema, akasimama. "Twende."

Tulikwenda chini ya mwavuli wake mmoja usiotutosha, kila mmoja amelowa bega la nje. Ngazi za gesti tulipanda, mimi mbele. Nikagonga.

"Avis! Umekaa mno, treni itatu..."

Akamwona aliye nyuma yangu. Begi lilikuwa mkononi mwake, kofia kichwani. Marian akaingia, akatazama kitanda, kisha blanketi, kisha soksi.

"Mama anaendeleaje?" akamwuliza.

Roland akaivua kofia.

"Marian. Avis. Naomba mkae."

"Mwenye kukaa ni wewe," nikamwambia.

Akakaa.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Kumwambia nani kati yetu?" Marian akauliza.

"Nyote. Kila nikitaka kusema, mmoja wenu anacheka, au anapika kitu, nashindwa. Nawapenda wote wawili, hiyo ndiyo shida yangu. Sikuwachezea."

"Ungemwoa yeye," nikasema, "halafu mimi nikae Daventry, boti sina, wiki moja nakuwa mkeo, wiki moja nasubiri samaki?"

"Mbona nilikuambia usiharakishe kuuza!"

"Ili uoe kwanza."

Akaigeuza kofia mkononi. Kisha akainua kichwa, na neno alilolisema ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Hukuwahi kuuliza, Avis. Hata siku moja. Wewe mwenyewe ni mtu wa kuja na kuondoka, leo huku, kesho kule. Nilijua ukigundua utafungua kamba za boti yako uende, hutajali."

"Mimi nikiondoka huwa nasema naondoka."

Nje mvua inapiga vioo.

"Roland," Marian akasema, sauti yake ya kwaya, haitetemeki, "pale kanisani watu bado wanakunywa chai. Wamelisikia jina lako mara tatu. Nataka uende ukawaambie kwa mdomo wako kwamba ndoa haipo, na kwa nini haipo."

"Mbele ya watu?"

"Mimi nimesimama mbele yao leo. Avis amesimama. Zamu yako."

"Sawa," akasema. "Sawa. Nakwenda."

Akashuka ngazi. Sisi wawili tukaenda dirishani, tukalivuta pazia. Akatokea barabarani na begi lake. Kanisa lilikuwa kulia. Akasimama pale kwenye mvua, akatazama kulia kitambo kirefu, nikajikuta nimeshika mkono wa Marian, bado sehemu yangu moja inamwombea. Kisha akageuka kushoto, kuelekea stesheni, anatembea haraka haraka bila kutazama nyuma.

"Basi," Marian akasema.

Ndipo nilipolia. Kilio cha ovyo, cha pua na mate. Marian hakunibembeleza, alinipa leso, akakaa karibu yangu, na yeye akalia kidogo kidogo, kwa adabu, kama anavyofanya kila kitu.

Nilipoweza kuona herufi nikamwandikia Darren: "Boti siuzi tena. Pole sana, na kwa mkeo pia."

Akajibu papo hapo: "Umepata mnunuzi mwingine? Naweza kuongeza."

"Hapana, mwanangu. Naishi humo."

Nikaweka simu chini. Marian alikuwa anakunja blanketi, hajaambiwa na mtu.

"Nitamwambia mchungaji mimi mwenyewe," akasema. "Na mpishi wa harusi. Na dada yangu wa Norwich, huyo ndiye kazi." Akalipiga blanketi mkono kulinyoosha. "Lakini tarehe kumi na mbili sitaki kuwa mji huu. Kila mtu atakuwa ananiangalia kwa huruma na sahani ya chakula mkononi."

"Utakwenda wapi?"

"Sijui. Miaka sitini na tano sijawahi kwenda mahali bila kujua narudi lini." Akanitazama. "Boti yako inakwenda wapi?"

"Popote penye maji ya futi tatu. Polepole. Mtu anayetembea kwa miguu anatupita."

"Ina vitanda vingapi?"

"Viwili. Lakini kimoja kimejaa makaa ya mawe."

Marian akavaa koti lake lililolowa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

"Makaa," akasema, "yanahamishika."