Nakala Iliyotangulia

Barua ilikuwa moja, lakini kwenye folda ya Zilizotumwa zilikaa mbili. Mhazili wa ofisi ya mpima ardhi aliziangalia, akafuta moja, akaendelea na kazi. Kesho yake akafuta tano. Siku ya tatu mteja mmoja akapiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama pale ofisini wanamwona kiziwi hata aambiwe kila jambo mara mbili.

Wenzake walimwita Mkavu, kwa sababu ya macho yake. Hakuwa mtu wa kuangalia chini, awe mbele ya bosi, askari au mteja aliyekuja na wakili. Alimlea binti yake peke yake, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa shule ya bweni, na tangu baba mtu alipoondoka bila kuaga hapakuwa na kitu duniani alichokiogopa ila kumpoteza huyo mtoto.

Fundi wa kompyuta alikuja na begi lake na majibu yake.

"Kosa dogo hili, dada. Programu inahifadhi nakala ya ulichotuma, na seva nayo inahifadhi ya kwake. Ndiyo maana unaziona mbili. Tunaondoa tiki hapa, basi."

"Na mteja aliyepokea mbili je?"

Fundi akakuna shingo. "Hiyo ni habari nyingine. Labda kinga ya virusi inaishika barua njiani, programu inadhani haijatoka, inaituma tena." Akazima hiki, akawasha kile, akaifuta akaunti na kuiweka upya. Wakajaribu barua moja, ikatoka moja. Mkavu akamshukuru.

Fundi alikuwa bado anafunga zipu ya begi ile ya pili ilipojitokeza. Wakasoma saa zake. Barua ya Mkavu ilitoka saa nane na dakika kumi. Nakala yake ilitoka saa nane na dakika saba.

"Nakala gani hii inayozaliwa kabla ya mama yake?" Mkavu akauliza.

Fundi alikuwa ananusa. Chumba kile kilikuwa ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa, nacho kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Akakumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali pengine. Alishuka ngazi mbilimbili, begi akaliacha.

Mkavu akaketi, akaanza kuchapa. Ta, ta, ta. Kuna kitu hakikuwa sawa katika mlio ule, na ilimchukua muda kuelewa ni nini: vitufe vilikuwa vinalia kabla vidole vyake havijavigusa, kidogo tu kabla, kama mtu anayekumalizia maneno, na alipoinua mikono yake yote miwili akaiweka kifuani mlio uliendelea, ta, ta, ta, taratibu na kwa uhakika, na kwenye kioo sentensi aliyokuwa nayo kichwani, ambayo hakuwa amemwambia mtu, ikajiandika mpaka nukta ya mwisho.

Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa kweli. Lakini kiti kile alikikalia miaka kumi na moja, na hasira ikaiwahi hofu. Akaipekua folda kurudi nyuma, barua kwa barua, akitafuta ile ya kwanza kabisa kuwa mbili. Akaipata.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kusimika mawe ya mpaka kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajulikani, sharti itumwe ilani kwa "Mwenye Eneo". Programu haikubali barua isiyo na anwani, basi ili faili lipate ushahidi, Mkavu aliweka anwani ya ofisi yenyewe, wakajitumia. Ilani hii ilihusu uwanja wa kisima kilichokauka, ule ambao wapimaji walisimika mawe, wakarudi wakisema kamba za kupimia zinakatika zenyewe. Chini yake aliandika kama kawaida: "Ukiwa na pingamizi, karibu ofisini wakati wowote wa kazi. Tumia anwani hii."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. Harufu ilikuwa imemfikia.

"Mwenye eneo kaja," Mkavu akamwambia kwa sauti ya chini. "Tulimkaribisha wenyewe, na anwani tukampa."

"Zima mashine, twende nyumbani," bosi akanong'ona. "Na viumbe hawa mtu hashindani."

"Nenda wewe, bosi. Mimi nashindana."

Alikuwa bado anasema hivyo barua nyingine ikaingia kwenye Zilizotumwa, moja safari hii, isiyo na pacha. Ilikwenda kwa matroni wa shule: "Leo saa tisa nakuja kumchukua mwanangu."

Saa ya ukutani ilisema tisa kamili. Mkavu akapiga simu.

"Matroni, ni mimi, mama yake. Usimtoe mtoto."

Matroni akateremsha sauti. "Wewe nani? Mama yake yuko hapa, amekaa kwenye benchi. Mtoto ameenda kufunga sanduku."

Na nyuma ya sauti ya matroni, mbali kidogo, Mkavu akajisikia mwenyewe akikohoa.

Hapo ndipo wengi wangepiga kelele, na matroni angekata simu akidhani ni kichaa, na mtoto angetoka getini ameshikwa mkono ule. Mkavu aliuma mdomo akawaza. Kile kitu kilimjua kwa sababu alikilisha. Kila alichokipitisha kwenye vitufe vile kilikuwa nacho: sahihi yake, salamu zake, shule ya mtoto, jina la mtoto. Kilijua alichoandika. Je, kilijua asichoandika?

"Matroni wangu, sikuombi uniamini. Muulize huyo jambo moja. Kuna jina namwita binti yangu ninapomsuka nywele. Mwambie alitaje."

Hatua zikasogea, maneno yakasikika kwa mbali. Matroni akarudi kwenye simu akinong'ona.

"Anasema... anasema swali hilo umwandikie."

"Mshike mtoto. Funga mlango."

Akaikata simu, akaivuta kibodi, akachapa kwa vidole vyake mwenyewe, na safari hii hakuna kilichothubutu kumtangulia: "Mawe yetu tunayang'oa leo. Uwanja ni wako, hatukuwa na haki nao. Mtoto ni wangu. Ukaribisho nimeufuta." Akatuma. Ikatoka moja. Bosi akachukua sururu, akaenda kuyang'oa mwenyewe, bila kubisha. Matroni alipochungulia tena, benchi lilikuwa tupu, limelowa tope.

Nakala hazikurudi. Ila kila siku ya kazi, saa tisa kamili, inaingia barua isiyo na mtumaji, yenye neno moja: "Jina?" Mkavu anaifuta, anaendelea na kazi. Binti sasa ni msichana mkubwa, na jina lile bado anaitwa, kwa mdomo tu, wakiwa wawili.

Nami nilimwomba aniambie jina hilo, nikamilishe hadithi. Akaitazama kalamu yangu, akaniuliza nani amenituma.