Kitambaa Kibichi

Alikuwa anakwenda kutundika picha tu. Si safari ya kumtia mtu hofu. Mshonaji alimbeba mwanawe mgongoni, akachukua mfuko wenye picha alizozishona kwa vipande vya nguo, akaingia chuoni wakati wanafunzi wa mwisho wanatoka. Jua lilikuwa linazama. Taa zilikuwa hazijawashwa.

Mtoto walimwita Kasuku, maana hakujua kunyamaza. Maneno alikuwa bado hana, lakini da-da-da zake zilianza alfajiri na hazikukoma mpaka usingizi umfumbe mdomo. "Huyu atakuwa mnadi," baba yake alizoea kusema. "Atauza hata upepo."

Kwenye korido ndefu ya chuo, kati ya ofisi ya mhasibu na choo cha wanawake, kulikuwa na kabati kubwa lililojengwa ndani ya ukuta, lenye milango ya vioo. Humo ndimo wasanii walimoonyesha kazi zao kwa zamu. Anayetoka anatoa vitu vyake, anafuta vioo, anamkabidhi ufunguo anayeingia. Safari hii anayetoka alikuwa mfinyanzi mmoja, na alikuwa haonekani.

Mwalimu wa sanaa alikuwa amesimama mbele ya kabati, begi begani, uso ameukunja.

"Umechelewa, mama."

"Shikamoo, mwalimu. Mtoto alikuwa..."

"Marahaba. Na mtoto naye ni sanaa?" Akachungulia mfuko. "Tumeomba picha, umetuletea viraka. Kama ni viraka, hata fundi viatu anavyo."

Mshonaji akainamisha kichwa. Jibu alikuwa nalo, tena jibu zuri, lakini lilimkwama kooni. Ndivyo alivyokuwa. Soni yake ilimtangulia kila mlango.

"Mfinyanzi simu hapokei," mwalimu aliendelea. "Toa vyungu vyake, weka vyako, futa vioo. Kesho wageni wanapita hapa. Wakikuta uchafu, usirudi tena na mfuko wako."

Akamtupia ufunguo wa akiba, akaenda zake. Mlango wa mwisho wa korido ukajifunga.

Kimya.

Da-da-da, alisema Kasuku.

Mshonaji alifungua kabati, na harufu ya udongo mbichi ikamjia usoni. Udongo, na kitu kingine... kama maziwa yaliyochacha. Akavitoa vyungu kimoja kimoja, akavipanga kwenye boksi. Vilikuwa vyepesi na vikavu.

Kisha akaona kwamba rafu ya chini haikuwa tupu.

Kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kimelowa. Alijua wafinyanzi hufunika kazi isiyokwisha kwa kitambaa kibichi ili udongo usipasuke. Lakini mfinyanzi hajaonekana, na kitambaa kilikuwa kinadondosha maji. Tena kilikuwa kimekunjwa vizuri upande wa mbele, ncha yake ikining'inia nje ya rafu, kama mkono unaosubiri kushikwa.

Hapo ndipo Kasuku alipotapika.

Maziwa yalimwagika begani mwa mama yake, yakarukia kioo. Asiyelea atacheka, lakini mama anajua: mtoto akitapika, mkono hushika kilicho karibu. Mshonaji akakivuta kile kitambaa. Akafuta kioo haraka haraka. Akatafuta pembe iliyo safi, akamgeukia mtoto begani.

Akamfuta mdomo.

Da-da...

Sauti ikakatika. Kama redio iliyochomolewa.

"Kasuku?"

Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Yalimtazama. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka. Hakukutoka kitu.

"Umemfuta mdomo?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Ndogo, kavu. Mshonaji akageuka. Mlango wa choo ulikuwa wazi, na mwanamke alikuwa amesimama gizani, udongo umemkauka kwenye kucha. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyefunikwa gubigubi. Mtoto huyo hakutikisika.

"Nimekuuliza, we mwanamke. Umemfuta?"

"Nime... nimemfuta kidogo tu. Dada, nisamehe, sikujua kitambaa ni chako."

"Si changu."

Mfinyanzi akasogea. Hakuwa anamtazama mshonaji. Alikuwa anatazama rafu ya chini.

Mshonaji naye akatazama.

Ulikuwa uso. Uso wa mtoto, wa udongo, ukubwa uleule wa mtoto wa kweli. Macho yamefumbwa, midomo imeachana kidogo. Na juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu dogo la mviringo, kama kovu alilopata Kasuku siku ile chai ilipomrukia.

"Umeufinyanga lini huu?" Mshonaji alinong'ona. "Mwanangu umemwonea wapi?"

"Mimi sikuufinyanga. Nilipokuja na vyungu vyangu niliukuta humu. Ulikuwa na sura ya mtoto wa mchoraji aliyenitangulia. Nilipoondoa kitambaa, nikamfuta wangu makamasi..." Akamgusa mtoto mgongoni. "Ukawa na sura ya wangu."

"Mbona hukunionya?"

"Mimi nani alinionya?"

"Ungesema neno moja tu!"

"Nilikuwa chooni," alisema mfinyanzi, bila haya. "Nimekaa humo tangu mchana. Nilikusikia unavyotoa vyungu vyangu. Nilimsikia mwanao na da-da zake. Nikamwomba Mungu mtoto wako atapike."

Mshonaji alitaka kumrukia. Mfinyanzi akainua mkono kumzuia.

"Sikiliza, sitasema mara mbili. Kila jioni kilowanishe, uufunike. Kisikauke. Kikikauka..." Hakumalizia. Mgongoni mwake, ndani ya nguo, kitu kilikuwa kimekohoa.

"Mama," kilisema kisauti. "Nina njaa."

Mfinyanzi akaweka mkono mdomoni. Akatoa mlio ambao haukuwa kicheko wala kilio. Kisha akakimbia, akaviacha vyungu vyake vyote, na nyayo zake zikapiga sakafu mpaka zikapotea.

Mshonaji naye akakimbia. Hakufunga kabati. Alitaka kutoka tu, amfikishe mwanawe kwenye mwanga na watu. Alipofika kwenye ngazi alihisi kitu kikavu kikimkwaruza shingoni. Akamfungua mtoto, akamtazama.

Midomo ya Kasuku ilikuwa imepasuka. Si kama midomo ya mtoto mwenye homa. Ilikuwa imepasuka kama ardhi ya kiangazi, na kwenye nyufa hapakuwa na damu.

Palikuwa na vumbi.

Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake. Kilikuwa kinakauka.

Alirudi mbio. Akafungua bomba la chooni, akakilowanisha, akaufunika ule uso. Akasubiri. Nyufa zikajifunga taratibu, na mtoto akavuta pumzi ndefu, kama aliyetolewa majini. Mshonaji alijaribu kuuchukua ule uso aende nao nyumbani. Haukung'oka. Ulikuwa kama umeota kwenye rafu.

Na chini ya kitambaa, mbali sana, kama mtu anayeongea ndani ya chungu...

Da-da-da.

Akakaa chini, akaulilia ukuta. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, akatundika picha zake.

Wageni walizisifu. Mwalimu wa sanaa, kigeugeu yule, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyekigundua kipaji hicho. Baadaye akanyoosha kidole kwenye rafu ya chini. "Na hicho kilichofunikwa ni cha nani?"

"Changu," alisema mshonaji.

Hospitali hawakuona ugonjwa. "Mtoto mzima huyu, mama. Ni mtulivu tu." Baba yake alimrusha juu, akamtekenya, akamwimbia nyimbo za kipuuzi. Kasuku alimtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. "Nyumba imekuwa kama ina msiba," alisema baba mtu, na hakumtania tena. Kila jioni mshonaji alijifunga mwanawe mgongoni akaenda chuoni, akalowanisha kitambaa, akabandika sikio kwenye udongo. Sauti ya mwanawe ilikuwa humo. Kila siku ilikuwa ndogo zaidi.

Kisha zamu yake ikaisha.

Siku ya kutoa vitu aliwahi. Akazishusha picha, akafuta vioo kwa upindo wa nguo yake. Alikuwa ameamua. Atamsubiri anayekuja, ampigie magoti ikibidi, amweleze kila kitu, amwachie aamue kumwita mwendawazimu. Yeye si kama yule mfinyanzi. Alijiambia hivyo njia nzima.

Akakilowanisha kitambaa kwa mara ya mwisho. Akaufunika uso.

Akakikunja vizuri upande wa mbele.

Alipoiona ncha inaning'inia nje ya rafu, aliitazama muda mrefu. Hakuirudisha ndani, wala hakufunga kabati.

Jua lilikuwa linazama. Sauti za watu zikaja kutoka mwisho wa korido, na miguu yake ikampeleka chooni kabla hajaituma. Akasimama gizani, Kasuku mgongoni.

Aliyekuja alikuwa mpiga picha, mwanamke mchangamfu, fremu kwapani. Alishika mkono mdogo wa binti aliyekuwa anakula biskuti, makombo yamemjaa usoni.

"Haya, ndiyo kabati lenyewe," alisema yule mama. "Usiguse kioo. Nimesema usiguse! Ona sasa, ona hiyo mikono. Na huo mdomo! Wewe unakula au unapaka rangi?"

Binti akacheka.

"Ngoja nitafute kitu cha kukufutia."

Mshonaji akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo. *Dada, usikishike.* Ni hayo tu.

Yakamkwama kooni. Kama kawaida yake, alijiambia. Ndivyo nilivyo. Soni.

"Hiki hapa. Bahati yetu, tena kibichi. Lete uso."

Kicheko cha binti kikakatika katikati.

Na mgongoni mwa mshonaji, pale gizani, karibu kabisa na sikio lake...

"Da," alisema Kasuku.